Mrundikano wa michezo ya video

Mrundikano wa michezo ya video ni jumla ya michezo ya kompyuta, konsoli au simu ambayo mtu ameinunua au kuipata kwa njia nyingine halali, lakini hajawahi kuicheza, au ameianza na kuiacha njiani akikusudia kuirudia siku moja. Wachezaji wengi huzungumzia pia kazi ya kuupunguza mrundikano huo: kuorodhesha kilichopo, kupanga zamu, na kujizuia kununua mwingine kabla ya kugusa ile iliyokwisha kulipiwa.

Hali hii ni ya karne ya 21. Ilitokana na kuuzwa kwa michezo kupitia intaneti, ambako bei ilishuka sana na rafu ya nyumbani ikakoma kuwa kikomo. Mtu wa mwaka 1988 aliyekuwa na kaseti kumi za michezo alihesabiwa kuwa na nyingi. Leo mwanafunzi wa chuo anaweza kuwa na mamia ya michezo katika akaunti yake bila hata kukumbuka majina yake.

Jina

Neno mrundikano limezoeleka katika Kiswahili kwa mambo yanayongoja kushughulikiwa, kama vile mrundikano wa kesi mahakamani au wa makontena bandarini. Neno jingine linalofaa ni kiporo. Kwa asili ni chakula kilicholala, kinachopashwa moto na kuliwa asubuhi. Katika habari za soka, mechi za viporo ni zile ambazo timu inadaiwa kwa sababu ziliahirishwa wakati wenzake wakiendelea na ligi. Tofauti ni kwamba mechi ya kiporo hupangiwa tarehe na wasimamizi wa ligi, hata timu ikiwa imechoka. Mchezo wa video uliolala hauna wa kuupangia tarehe isipokuwa mwenyewe.

Wajapani wana neno la zamani zaidi kwa jambo la jinsi hii. Tsundoku ni tabia ya kununua vitabu na kuvipanga bila kuvisoma, na lilianza kutumika katika enzi ya Meiji (1868–1912). Kutokana na wazo hilohilo la kupanga vitu juu ya vingine, wachezaji wa Japani huita mchezo ulionunuliwa na kuachwa tsumige.

Kabla ya maduka ya intaneti

Michezo ya kwanza ya video ya kibiashara haikuweza kurundikana. Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, ulikuwa ndani ya kabati lililowekwa baa na kwenye kumbi za burudani. Mteja alitumbukiza sarafu na kucheza palepale. Malipo na mchezo vilikuwa tendo moja, na alipoondoka hakubeba kitu.

Konsoli za nyumbani zenye kaseti za kubadilisha, hasa Atari 2600 ya mwaka 1977, zilileta umiliki. Mtu sasa aliweza kuwa na mchezo asioucheza. Hata hivyo bei ililinda watu wengi dhidi ya tamaa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kaseti mpya ya Nintendo Entertainment System nchini Marekani iliuzwa takriban dola 40 hadi 50, kiasi ambacho mtoto alikipata siku ya kuzaliwa au Krismasi. Kaseti hiyo ilichezwa mpaka ikajulikana kwa moyo, kisha ikabadilishwa na ya jirani au ikauzwa ili kununulia nyingine. Kulikuwa pia na maduka ya kukodisha kaseti kwa siku mbili tatu, na tarehe ya kuirudisha ilimsukuma mkodishaji kuicheza upesi.

Mrundikano mkubwa wa enzi hiyo ulikuwa wa wauzaji, si wa wanunuzi. Mwaka 1983 soko la michezo ya video la Marekani liliporomoka. Kampuni nyingi zilikuwa zimetengeneza kaseti nyingi kuliko wateja, na nyingi zilikuwa za ubora hafifu. Mfano unaotajwa zaidi ni mchezo uliotokana na filamu ya E.T., ambao Howard Scott Warshaw aliuunda kwa takriban wiki tano ili uwahi Krismasi ya 1982. Septemba 1983 Atari ilipeleka malori ya kaseti na vifaa vingine kutoka ghala lake la El Paso, Texas, hadi dampo la mji wa Alamogordo katika jimbo la New Mexico, zikafukiwa na kumwagiwa zege. Kwa miaka mingi habari hiyo ilidhaniwa na wengi kuwa uvumi. Aprili 2014 dampo lilichimbuliwa mbele ya kamera na kaseti takriban 1,300 zikatolewa, E.T. ikiwemo. Hiyo ni michezo ambayo haikupata hata nafasi ya kuwa kiporo cha mtu.

Duka la Steam

Mabadiliko yalianza na Steam, programu iliyozinduliwa na kampuni ya Valve ya Marekani tarehe 12 Septemba 2003. Mwanzoni ilikuwa njia ya kusambaza marekebisho ya michezo ya Valve yenyewe, na watumiaji wengi waliilalamikia kwa sababu ilikuwa nzito na ilikatikakatika. Novemba 2004 Valve ilitoa Half-Life 2, na hata aliyenunua diski dukani alilazimika kuusajili mchezo katika Steam kabla ya kuucheza. Kwa njia hiyo mamilioni ya watu walijikuta wana akaunti. Kuanzia mwaka 2005 michezo ya kampuni nyingine ikaanza kuuzwa humo.

Duka la intaneti halilipi ghala wala sanduku. Nakala ya elfu kumi haina gharama kubwa kuliko ya kwanza, hivyo mchezo wa zamani unaweza kuuzwa kwa bei ya soda na bado ukaleta faida. Steam ikageuza jambo hilo kuwa sherehe ya msimu: punguzo la kiangazi, la vuli na la majira ya baridi, ambapo bei hushuka kwa asilimia 50, 75 au hata 90. Katika miaka ya mwanzo ya mapunguzo hayo kulikuwa na bei za saa chache tu. Mnunuzi aliona saa ikihesabu kurudi nyuma na akajua kwamba akilala ataamka bei imepanda. Bei za namna hiyo ziliachwa mwaka 2015, baada ya Valve kuanza kurudisha pesa kwa mchezo ulionunuliwa ndani ya siku 14 na kuchezwa kwa muda usiozidi saa 2. Kama bei ingeshuka zaidi mchana, mnunuzi wa asubuhi angerudisha na kununua upya.

Inafaa kutazama sharti hilo la marejesho kwa makini, kwani linamwacha nje mwenye mrundikano. Anayenunua leo ili acheze mwakani hupoteza haki ya kurudisha wiki mbili baadaye, pengine kabla hajajua kama mchezo unafanya kazi kwenye kompyuta yake.

Mafungu, zawadi na malipo ya mwezi

Mei 2010 studio ndogo ya Wolfire Games ilianzisha Humble Indie Bundle, fungu la michezo ya watengenezaji huru, ikiwemo World of Goo na Aquaria. Mnunuzi alijipangia bei mwenyewe na kuamua sehemu gani iende kwa watengenezaji na gani kwa mashirika ya hisani. Fungu hilo lilikusanya zaidi ya dola milioni 1. Likaigwa na wengi. Mtu aliyetaka mchezo mmoja alipata mitano au kumi, na ile ambayo hakuiomba iliingia katika akaunti yake kama vile nyongeza ya muuza nyanya: si rahisi kuikataa, na mara nyingi huozea kapuni.

Kisha zikaja zawadi. Sony ilianza kuwapa wanachama wa PlayStation Plus michezo ya kila mwezi mwaka 2010. Epic Games ilifungua duka lake Desemba 2018 na kuanza kutoa michezo bure kwa zamu, jambo ambalo baadaye lilikuwa la kila wiki. Mei 2020, siku Grand Theft Auto V ilipotolewa bure, watu walikuwa wengi kiasi kwamba tovuti ya duka ilizidiwa kwa saa kadhaa. Zawadi hizo huwa na tarehe ya mwisho ya kuzichukua, si ya kuzicheza, na wengine huingia dukani kila Alhamisi kuchukua mchezo mpya bila kuufungua.

Xbox Game Pass, iliyoanzishwa na Microsoft mwaka 2017, ni ya aina tofauti. Mtu hulipa kila mwezi na kucheza chochote kilicho katika orodha. Kwa nadharia hili lingeondoa mrundikano, kwa kuwa hakuna kinachomilikiwa. Kwa vitendo michezo huingia na kutoka katika orodha, na mwanachama aliyepanga kucheza mmoja hujikuta akikimbizana na tarehe yake ya kuondolewa.

Ukubwa wake

Kipimo kinachotajwa zaidi ni cha Aprili 2014. Mwandishi Kyle Orland wa jarida la mtandaoni la Ars Technica alichukua sampuli ya kurasa za wazi za watumiaji wa Steam na kukadiria kwamba katika michezo milioni 781 iliyosajiliwa kwenye akaunti, takriban asilimia 37 haikuwa imefunguliwa hata mara moja. Hiyo ni zaidi ya michezo milioni 280. Hesabu hiyo ina mipaka yake, kwani baadhi ya michezo iliingia katika akaunti kama nyongeza ya mingine bila mwenye akaunti kuichagua. Tena inahusu ile isiyofunguliwa kabisa. Iliyochezwa dakika 20 na kuachwa haimo.

Tangu wakati huo duka limejaa zaidi. Mwaka 2024 pekee zaidi ya michezo 18,000 mipya ilitolewa katika Steam. Kwa mujibu wa muhtasari wa mwaka huo uliotolewa na Valve, asilimia 15 tu ya muda wa kucheza ilitumika kwa michezo iliyotoka mwaka uleule. Muda uliobaki ulikwenda kwa michezo ya zamani. Sehemu ya muda huo ni watu wakila viporo vyao, lakini sehemu kubwa ni ya michezo isiyo na mwisho, kama Counter-Strike na Dota, ambayo mtu huicheza miaka nenda rudi huku mingine ikingoja.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Tuseme mtu ana michezo 200 na kila mmoja unahitaji saa 20 kwa wastani. Jumla ni saa 4,000. Akicheza saa 1 kila siku bila kuruka hata moja, atamaliza baada ya karibu miaka 11, kwa sharti kwamba hatanunua mwingine katika miaka yote hiyo.

Sababu

Maelezo ya kawaida ni ulafi, lakini hayatoshi. Watu hawarundiki chumvi ndani kwa sababu tu ni rahisi.

Sababu moja imeonyeshwa na jaribio lisilohusu michezo ya video hata kidogo. Mwaka 1985 wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha uchunguzi uliofanywa katika ukumbi wa tamthilia wa Chuo Kikuu cha Ohio. Walionunua tiketi za msimu mzima waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walilipa bei kamili, wengine wakapewa punguzo dogo, na wengine punguzo kubwa. Wote walikuwa wametaka tiketi na wote walikuwa na haki ya viti vilevile. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko waliopunguziwa. Pesa iliyouma ilimsukuma mtu atoke nyumbani. Iliyookolewa ilimwacha akae. Mchezo ulionunuliwa kwa dola 3 unakaa katika hali ya tiketi ya punguzo: haumdai mwenyewe chochote. Ndiyo maana mchezo wa bei kamili mara nyingi huchezwa usiku uleule ulionunuliwa, na wa nafuu hungoja.

Sababu nyingine inayotolewa ni wingi wa chaguo. Hapa hutajwa jaribio la Sheena Iyengar na Mark Lepper la mwaka 2000, lililofanyika katika duka la vyakula huko California. Meza yenye aina 24 za jemu ilivuta watazamaji wengi lakini ni asilimia 3 tu ya walioonja walionunua. Meza yenye aina 6 iliuza kwa asilimia 30. Mchezaji anayekaa mbele ya orodha ya mamia, akaipitia kwa nusu saa na kuishia kuwasha mchezo uleule wa jana, hujitambua katika habari hiyo. Jaribio hilo lisichukuliwe kuwa sheria, maana mapitio ya majaribio mengi ya aina hiyo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalikuta kwamba kwa wastani athari ya wingi wa chaguo ni karibu na sifuri, ingawa katika mazingira fulani inaonekana.

Umri nao una sehemu yake. Aliyekuwa na muda bila pesa akiwa sekondari huwa na pesa bila muda akiwa kazini. Ananunua michezo kwa ajili ya yule kijana wa zamani aliyeweza kukesha Ijumaa, na anayefika nyumbani ni mtu mwingine, aliyechoka, mwenye watoto wa kulaza. Wakati huohuo michezo imerefuka. Super Mario Bros. ya 1985 haikuwa na njia ya kuhifadhi ulipofikia. Ilikuwa lazima ichezwe kwa mkao mmoja. Betri ndani ya kaseti, iliyojulikana sana Marekani kupitia The Legend of Zelda mwaka 1987, iliruhusu safari ya siku nyingi. Hadithi kuu ya The Witcher 3 (2015) huchukua takriban saa 50, na Persona 5 (2016) karibu saa 100. Mtu akiacha mchezo wa aina hiyo katikati kwa miezi miwili, hurudi akiwa amesahau hadithi na hata vitufe, na mara nyingi huamua kuanza upya au kuuacha kabisa.

Mrundikano haupaswi kuchanganywa na ugonjwa wa michezo ya kielektroniki uliotambuliwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya magonjwa ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Ugonjwa huo unahusu mtu anayeshindwa kudhibiti kucheza kwake hadi maisha yake yanaharibika, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mwenye mrundikano tatizo lake ni la kununua, na wengi wao hucheza kidogo kuliko wanavyotaka.

Kuupunguza

Hatua ya kwanza ni kujua kilichopo. Akaunti za mtu mmoja huwa zimetawanyika katika maduka manne au matano, mbali na diski zilizo kabatini. Wengine hutumia daftari au jedwali la kompyuta. Wengine hutumia tovuti zilizoundwa kwa kazi hiyo, kama Backloggery, ambapo mchezaji huandika hali ya kila mchezo: haujaanzwa, haujamalizwa, umemalizwa, umekamilishwa kwa kila kitu. Kuona idadi yenyewe kwa mara ya kwanza huwashtua wengi.

Chombo kinachotumika zaidi katika kupanga ni tovuti ya HowLongToBeat, iliyoanza mwaka 2011. Wachezaji huandika humo saa walizotumia, na kila mchezo hupata wastani wa aina tatu: hadithi kuu peke yake, hadithi pamoja na vya pembeni, na kukamilisha kila kitu. Tofauti inaweza kuwa kubwa mno. The Witcher 3 hupanda kutoka saa 50 hadi zaidi ya 170. Uamuzi wa maana wa kwanza kwa anayetaka kupunguza viporo, basi, ni kujua anakusudia nini akisema "kumaliza". Nishani za Xbox 360 (2005) na nyingine zilizofuata katika PlayStation na Steam zilizoesha watu kuhesabu mchezo kuwa haujaisha mpaka nishani zote zipatikane. Anayeshikilia kipimo hicho atakuwa na mrundikano maisha yake yote.

Kuhusu mpangilio kuna mikondo miwili. Wa kwanza huanza na mifupi. Portal (2007) humalizika kwa saa 3 au 4, Journey (2012) kwa saa 2 hivi, na mtu anaweza kufunga michezo mitano kwa mwezi na kuona orodha ikipungua. Wa pili huanza na ule anaoutaka zaidi, hata ukiwa wa saa 100, kwa hoja kwamba mifupi iliyowekwa ili kupandisha hesabu ni kazi ya shuleni iliyovaa nguo za burudani. Hoja hii ya pili ina nguvu. Orodha inayochezwa kwa sababu ya wajibu huchosha, na aliyechoka hurudi dukani kununua kitu kipya cha kumchangamsha.

Kanuni zinazotumika sana ni chache: kutonunua mpaka mmoja umalizwe, kununua tu mchezo utakaoanzwa siku hiyohiyo, kucheza mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa pamoja, usizidi hapo. Kuna vikundi vinavyochagua mchezo mmoja kwa mwezi na kuujadili, kama vikundi vya kusoma vitabu. Wengine hupiga kura ya bahati nasibu ili kuepuka ile nusu saa ya kupitia orodha. Valve yenyewe ilileta mwaka 2020 sehemu iitwayo Play Next, inayompendekezea mtumiaji michezo aliyonayo tayari lakini hajaicheza. Ni jambo la kushangaza kidogo kwa muuzaji kumwambia mteja kwamba chakula kipo nyumbani. Konsoli za mkononi nazo zimesaidia. Steam Deck, iliyotoka Februari 2022, inamwezesha mtu kucheza ndani ya treni michezo ya kompyuta aliyoinunua miaka kumi nyuma, na kuusimamisha mchezo kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Njia inayopunguza kwa kasi kuliko zote ni kuacha. Mchezaji hujipa saa 1 au 2 kwa kila mchezo. Usipomvutia, anauandika kuwa umeachwa na hautazami tena. Steam inaruhusu mchezo ufichwe au uondolewe moja kwa moja katika akaunti. Wengi huona vigumu, kwa kuwa kuufuta mchezo ni kukiri kuwa pesa ilipotea, ingawa pesa hiyo ilipotea siku ya kununua na saa 30 za kujilazimisha hazitairudisha.

Afrika Mashariki

Katika Tanzania, Kenya na nchi jirani vijana wengi huanza kucheza katika vibanda vyenye televisheni na PlayStation, wakilipia kwa mechi au kwa muda, hasa michezo ya soka. Mfumo huo unafanana na wa Pong: unacholipia ndicho unachocheza, na anayefungwa humpisha anayesubiri. Kwenye simu, michezo mingi inayopakuliwa ni ya bure, na nafasi ndogo ya kuhifadhi hulazimisha mmoja ufutwe ili mwingine uingie.

Kwa wenye kompyuta au konsoli zao, mrundikano una sura yake ya pekee. Michezo mikubwa ya leo huzidi GB 100. Kwa anayetegemea bando la simu, gharama ya kuupakua inaweza kuzidi bei ya mchezo wenyewe wakati wa punguzo. Hivyo mtu anaweza kumiliki kwa miaka mchezo aliolipia lakini hajauleta nyumbani, akingoja kupata intaneti ya kasi chuoni au kazini.

Umiliki na hatari ya kungoja

Anayeweka mchezo kando hudhani utamngoja. Dhana hiyo ilikuwa kweli kwa kaseti. Kwa michezo ya intaneti, anachonunua mteja kwa kawaida ni leseni ya kutumia, na masharti yake yanaweza kukoma.

Nintendo ilifunga duka la Wii tarehe 30 Januari 2019, na mauzo katika maduka ya 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024. Katika utafiti uliochapishwa Julai 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ilikuta kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida.

Tukio lililozua mjadala mkubwa zaidi ni la The Crew, mchezo wa mbio za magari wa kampuni ya Ubisoft uliotoka 2014. Ulihitaji seva za kampuni hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na mchezo ukawa haufunguki kwa yeyote, aliyeucheza miaka kumi na aliyeununua kwa punguzo akauweka. Mwezi uliofuata Ross Scott, mtengenezaji wa video za YouTube, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, inayotaka kampuni zilazimike kuuacha mchezo uweze kuchezwa baada ya kuacha kuuhudumia. Ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 mwezi Julai 2025. Jimbo la California lilipitisha mwaka 2024 sheria inayokataza wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapata leseni. Ilianza kutumika Januari 2025. Duka la GOG, lililoanzishwa na kampuni ya Kipolandi ya CD Projekt mwaka 2008, huuza michezo isiyo na kufuli za kidijitali, ambayo mnunuzi anaweza kuipakua, kuihifadhi kwenye diski yake na kuiweka kwenye kompyuta hata duka lisipokuwepo.

Swali la urithi limejitokeza pia, kwa kuwa wateja wa kwanza wa Steam sasa ni watu wa makamo. Mkataba wa watumiaji wa Steam hauruhusu akaunti kuhamishiwa kwa mtu mwingine. Aliyenunua kaseti za Nintendo mwaka 1988 anaweza kumwachia mjukuu wake sanduku lote, na mjukuu akazicheza ikiwa konsoli bado inawaka. Mwenye michezo 800 katika Steam hana ruhusa ya kuigawa kwa wosia. Diski za siku hizi nazo si dhamana kamili, maana baadhi zina sehemu tu ya mchezo na iliyobaki hupakuliwa. Kwa Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, michezo kadhaa huuzwa kwa kadi isiyo na mchezo wowote ndani yake, bali ufunguo wa kuupakua kutoka dukani.